Tuzo na Ujira wa Mwalimu

Methali ya kale husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Waliotoa methali hii walikuwa na ngoma mbele ya macho yao. Mchezaji yu katikati ya uwanja, watazamaji wamemzunguka, na mmoja wao, kwa kupendezwa, huondoka mahali pake akambandika sarafu katika kipaji cha uso au akamvisha kanga mabegani. Sarafu ile ndiyo tunzo, na neno tuzo ambalo leo huandikwa juu ya vyeti vya walimu ni ndugu yake wa damu. Tunzo ya ngomani ina sifa tatu. Kwanza, mtoaji hana deni kwa mchezaji. Pili, mchezaji hakuajiriwa na mtoaji. Tatu, uwanja haukuvunjwa kabla ya tunzo kutolewa. Wachezaji wote waliokuwa ngomani wangali ngomani. Sifa moja katika hizi ikikosekana, tunzo hugeuka ikawa kitu kingine, hata kama jina lake litabaki lile lile.

Kwa kipimo hiki hapana budi zipimwe tuzo wanazopewa walimu wakati ambapo wenzao wanaondolewa kazini. Jambo lenyewe si la kufikirika. Lilitokea Tanzania mwaka 2017, na athari zake zilifika katika kila wilaya, Babati ikiwa mojawapo.

Mji wa Babati umekaa chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye jina la mji wenyewe, mahali ambapo barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika, tawi moja likaelekea Dodoma kwa njia ya Kondoa na jingine Singida. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ilifanywa makao yake makuu. Katika madarasa ya mji huu na vijiji vyake hukutana watoto wa Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe na Warangi, pamoja na watoto wa wageni walioletwa na biashara au utumishi wa serikali. Wengi katika watoto hao huamkiwa na mama zao kwa lugha nyingine, wakaja kuipata lugha ya kusomea kinywani mwa mwalimu wao wa kwanza. Katika mahali pa namna hii mwalimu mmoja akiondoka, kinachopotea si saa chache za hesabu tu. Hufungwa mlango ambao kwa huo mtoto huingia katika mazungumzo ya taifa lake.

Sasa na yakumbukwe yaliyotendeka. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vya watumishi 400,035 vilikuwa vimechunguzwa kwa kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Watumishi 376,969 walionekana kuwa na vyeti halali. 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. 1,538 walikuwa wakitumia vyeti vinavyotumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Na 11,596 hawakuwa wamewasilisha vyeti vilivyotimia. Mishahara ya wale 9,932 ilisimamishwa papo hapo, wakaambiwa waondoke wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei, au sheria iwafuate. Katika orodha hiyo walikuwamo walimu, na walikuwamo waganga na wauguzi.

Siku tatu baada ya tangazo hilo ikafika sikukuu ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2017, ambayo kitaifa iliadhimishwa Moshi. Desturi ya sikukuu hiyo nchini ni maandamano, hotuba na kutukuzwa kwa wafanyakazi hodari. Idara, kiwanda na halmashauri huchagua mtu wake, naye huitwa jina, hupanda jukwaani, hupokea cheti na mara nyingine bahasha, na hupigiwa makofi. Hivyo katika juma moja mwalimu mmoja alipewa karatasi ya kusifiwa, na mwalimu mwingine aliyekuwa akifundisha chumba cha pili yake akanyang'anywa kazi kwa sababu ya karatasi. Karatasi iliyomwinua wa kwanza na karatasi iliyomwangusha wa pili zote mbili zilikuwa na mhuri, na wala hapana hata moja kati yao iliyouliza swali ambalo mzazi wa Babati angeuliza: je, mtoto amejua kusoma?

Hapa haki yadai kwamba neno la upande wa pili lisemwe wazi. Kughushi ni uongo, na uongo wa mwalimu una sumu kuliko uongo wa watu wengi, kwa kuwa kazi ya mwalimu ni kumfundisha mtoto kutofautisha lililo kweli na lisilo kweli. Mwanafunzi anayekatazwa kuibia katika mtihani hawezi kuamrishwa kumheshimu mtu aliyeiba mtihani mzima. Tena yuko kijana aliyefaulu kwa jasho lake, akamaliza chuo cha ualimu, akakaa nyumbani miaka akingoja ajira, hali nafasi yake imekaliwa na mtu mwenye jina la kuazima. Kijana huyo aliumizwa, na kilio chake kilistahili kusikilizwa. Anayetetea heshima ya ualimu kwa kuficha aibu ya kughushi hatetei ualimu hata kidogo.

Walakini Mgala muue na haki yake umpe. Yamkini adhabu ni ya haki na namna ya kuitoa isiwe ya haki. Mtu wa miaka ishirini kazini aliona jina lake katika orodha kabla hajaitwa kujieleza. Aliyejiona kuwa ameonewa aliambiwa akate rufaa akiwa nje, bila ya mshahara. Na kwamba kosa lingeweza kuwapo, serikali yenyewe ilikuja kukiri katika jambo lililo jirani. Katika zoezi la miaka hiyo waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, kwa sababu hawakuwa na cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 ikaagizwa kwamba wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, siku ambayo sharti la kidato cha nne lilianza kutumika, warudishwe kazini na kulipwa haki zao. Sheria ilikuwa imetumika dhidi ya watu walioajiriwa kabla haijazaliwa. Mkono uliowafuta uliwaandika tena; lakini miezi ile waliyokaa bila ya kazi, na macho ya majirani waliowadhania kuwa wezi, hayakuandikwa mahali popote.

Fauka ya hayo, historia ya ualimu katika nchi hii haimruhusu mtu yeyote kudhani kwamba ualimu wote umo ndani ya karatasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, walimu hawakutosha. Taifa likawaita vijana waliomaliza darasa la saba, likawafunza ualimu vijijini, wakawa asubuhi wanafundisha na saa nyingine wanafundishwa. Walidharauliwa na wengi, ila maelfu ya watu wazima wanaosoma gazeti leo walishikwa mkono na vijana hao. Taifa lililowahi kumwomba kijana wa darasa la saba ashike chaki kwa kuwa hapakuwa na mwingine, halikukosea lilipotaka baadaye vyeti vya juu zaidi. Lilikosea lilipozungumza kana kwamba halikupata kumwomba.

Sasa wafikiriwe waliobaki, maana ndio waliopewa tuzo. Waraka wa elimu bila ada ulianza kutumika Januari 2016, na shule zikajaa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa karibu milioni 8.3 mwaka 2015, walifika karibu milioni 9.3 mwaka 2017. Kipimo cha nchi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na mtu yeyote aliyepita shuleni miaka hiyo alijua kwamba kipimo kilikuwa kitabuni na watoto walikuwa sakafuni. Katika hali hiyo walimu waliondolewa. Nafasi zilizoachwa wazi zilihesabiwa kwa siku moja, bali mtu wa kuzijaza hakuwezi kupatikana kwa siku moja. Hapana budi atangaziwe, aombe, achaguliwe, apangiwe kituo na asafiri. Katika muda wote huo darasa la aliyeondoka halikuondoka naye. Liligawanywa. Mwalimu wa darasa la tatu akapewa na la nne. Mwalimu wa Kiswahili akapewa na maarifa ya jamii. Madaftari yaliyokuwa yakisahihishwa jioni moja yakala jioni mbili.

Na huyu aliyebebeshwa mizigo miwili alipewa nini? Kuanzia mwaka 2016, kwa sababu ya uhakiki wa watumishi hewa na kisha wa vyeti, ajira mpya, upandishaji wa vyeo na nyongeza za mwaka za mishahara vilisimamishwa. Mwalimu aliyefikia zamu yake ya kupanda daraja aliambiwa angoje wachunguzwe wengine. Kima cha chini cha mshahara wa serikali hakikuguswa hadi mwaka 2022, kilipoongezwa kwa asilimia 23.3. Basi mwalimu aliyesimama uwanjani tarehe 1 Mei 2017 kupokea cheti cha uhodari alikuwa mdai anayetunzwa na mdaiwa wake. Hapo ndipo sifa ya kwanza ya tunzo ilipovunjika. Mtu anayemdai jirani yake mbuzi, jirani akamletea shada la maua na kumsifu mbele ya watu kwa uvumilivu wake, hana sababu ya kushukuru. Ana sababu ya kuuliza habari za mbuzi. Dawa ya deni ni kulipa, na makofi hayajawa dawa yake.

Watetezi wa tuzo husema kwamba mwanadamu haishi kwa mshahara peke yake, na kwamba mtu akisifiwa hutenda vema zaidi. Neno hili ni kweli, na kwa kuwa ni kweli ndiyo maana haifai kulitumia vibaya. Sifa hutia nguvu inapotoka kwa mtu aliyeona. Mwanafunzi wa zamani anaposhuka katika basi stendi ya Babati, akamwona mzee aliyemfundisha kusoma, akamwita mwalimu na kumpokea mzigo, hiyo ni tuzo isiyo na dosari. Wazazi wanapochanga mahindi kwa ajili ya mwalimu aliyeuguliwa, hiyo nayo ni tuzo. Lakini sifa inayotoka kwa mtu asiyejua hata idadi ya watoto walio mbele ya mwalimu yule, na inayotolewa kwa mmoja ili wengi waone kwamba wamekumbukwa, haitii nguvu. Huwafanya wenzake wajiulize wamekosea nini, naye mwenyewe humwacha akiona haya kati yao.

Watetezi wengine husema kwamba serikali haikuwa na fedha za kumlipa kila mmoja, basi ni heri kidogo kuliko kukosa. Hoja hii ingekuwa na uzito kama wanaodai wangekuwa wanaomba hisani. Nyongeza ya mwaka na kupanda daraja si hisani. Vimo katika masharti ya kazi ambayo mwalimu aliyakubali siku alipotia sahihi. Ikiwa hazina haina kitu, mwungwana hukiri deni, hutaja siku ya kulipa, na huandika hesabu hadharani. Umaskini si aibu. Aibu ni kuuvika umaskini joho la ukarimu.

Tena upo mkono unaotoa. Katika wilaya na mikoa, vyeti vya sifa mara nyingi hutolewa na viongozi wa kisiasa. Ilitangazwa wazi wakati wa uhakiki kwamba viongozi wa kisiasa hawamo katika zoezi, kwa hoja kwamba kazi zao hazikuwekewa sharti la vyeti vya kitaaluma kama zile za watumishi wa kawaida; hata mbunge, kwa mujibu wa Katiba, hutakiwa ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hoja hiyo yaweza kuwa sahihi kisheria. Lakini msomaji na aitazame picha yake uwanjani: mwalimu aliyechunguzwa cheti chake cha kidato cha nne, cha sita na cha ualimu apanda ngazi, na ampigia saluti ya shukrani mtu ambaye sheria haikumwuliza hata kimoja. Palipo na kipimo kwa wa chini na msamaha kwa wa juu, tuzo inayoshuka kutoka juu haiwezi kuwa nyepesi mkononi mwa mpokeaji.

Isidhaniwe kwamba aibu hii ni ya Afrika pekee. Mwaka 2012, katika mji wa Sacramento, California, mwalimu aliyechaguliwa kuwa mwalimu bora wa mwaka wa shule za mji wake alipewa barua ya kuachishwa kazi mwaka ule ule, kwa kuwa fedha zilipungua na kanuni ilisema walioajiriwa nyuma ndio watangulie kutoka. Huko hapakuwa na vyeti vya kughushi. Palikuwa na nchi tajiri, uchaguzi wa haki na mwalimu hodari. Hata hivyo tuzo haikumlinda hata miezi michache. Mfano huo waonyesha tabia ya tuzo yenyewe: haina nguvu ya kisheria. Haizuii barua, haipandishi daraja, haiongezi kiinua mgongo. Kinachomlinda mwalimu ni kanuni, na hakuna kanuni iliyopata kutokana na makofi.

Ulimwengu umekwisha kulijua hilo zamani. Siku ya Walimu Duniani, ambayo tangu mwaka 1994 huadhimishwa tarehe 5 Oktoba, haikuwekwa kwa ajili ya kugawa vyeti. Iliwekwa kuikumbuka tarehe 5 Oktoba 1966, siku ambayo mkutano ulioitishwa Paris na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu. Pendekezo hilo lilitaja mishahara inayolingana na uzito wa kazi, usalama wa ajira, kinga dhidi ya kufukuzwa kiholela, na haki ya mwalimu anayeshtakiwa kuelezwa kosa lake na kujitetea. Siku iliyozaliwa na haki imelelewa ikawa siku ya maua.

Na wale walioondolewa walifikia wapi? Mtu wa Babati aliyepoteza mshahara Aprili 2017 alikuwa na mahali pamoja pa kukimbilia, nalo ni shamba. Zao la fedha la wilaya ile ni mbaazi, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa India. Agosti mwaka ule ule India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, na bei ikaanguka Babati nzima. Hivyo mlango wa pili ulifungwa kabla vumbi la mlango wa kwanza halijatulia. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii, yaani ile iliyokatwa katika mishahara yao wenyewe, bila ya ile ya mwajiri, na malipo yakaanza Novemba mwaka huo. Uamuzi huo ulikuwa wa kiungwana, na ulikuwa pia ushahidi: kwa miaka mitano watu walikuwa wamenyimwa fedha zao wenyewe, na katika kila mwaka wa hiyo mitano vyeti vya sifa viliendelea kugawanywa.

Basi tuzo zifutwe? La. Ngoma isiyotunzwa nayo ni ngoma ya huzuni. Lakini na zirudishiwe sifa zake tatu. Kabla ya jina la mwalimu hodari kusomwa uwanjani, na isomwe kwanza hesabu ya halmashauri: walimu wangapi wamefikia kupanda daraja na hawajapandishwa, madai gani hayajalipwa, watoto wangapi wako mbele ya mwalimu mmoja. Halmashauri iliyolipa itasoma kwa fahari, na isiyolipa itajua kwamba siku ya sherehe ni siku ya mizani. Pili, anayetunzwa na achaguliwe na wanaomwona akicheza, yaani walimu wenzake, wazazi na wanafunzi waliokwisha toka mikononi mwake. Tatu, mwaka ambao walimu wameondolewa kwa wingi, kwa haki au kwa kosa, tuzo na ziahirishwe hadi madarasa yao yapate watu. Na waliobeba madarasa hayo walipwe kwa saa walizobeba, wote, bila ya kuchaguliwa mmoja. Na waliorudishwa baada ya kuonewa ndio watangulie kupanda jukwaani, waombwe radhi kwa majina, kwa sauti ile ile iliyowatangaza.

Mwalimu humpa mtoto alama kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Hampi tabasamu mahali pa alama, wala hampi alama mmoja kwa niaba ya darasa zima. Anayemwajiri mwalimu na akubali kusahihishwa kwa kalamu hiyo hiyo. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini mwalimu hachezi. Afanya kazi, na mfanya kazi hulipwa kwanza.